Mrejesho: kunakili rekodi kati ya kanzidata mbili za PostgreSQL

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza namna ya kuhamisha rekodi za chama cha akiba na mikopo kutoka kanzidata ya tawi la Kondoa kwenda ya makao makuu hapa Dodoma mjini. Skripti ilikuwa inagoma kwenye ufunguo wa kigeni (foreign key), yaani safu inayodai mstari inaoutaja uwe tayari upo kwenye jedwali lingine. Imekubali, asanteni sana.

Aliyesema nianze na jedwali mzazi alilenga penyewe: wanachama, kisha mikopo, mwisho malipo. Ila mpangilio peke yake haukutosha, maana id (namba ya mstari) 212 ya Kondoa ni mtu mwingine kabisa huku mjini. Dawa ni jedwali la kati lenye safu tatu: tawi, id_ya_zamani, id_mpya. Skripti haibebi id. Kanzidata ya mjini inatoa id zake, jozi ya id ya zamani na mpya inaandikwa kwenye jedwali hilo, na kila mkopo unatafutiwa mwenyewe kupitia hapo.

Angalizo kwa atakayefuata: ON CONFLICT DO NOTHING (rekodi ikigongana na iliyopo, iruke) pamoja na RETURNING (rudisha id ya mstari ulioandikwa) hairudishi id ya mwanachama aliyekuwepo tayari, na mikopo yake inabaki yatima. Tumieni DO UPDATE (ihariri iliyopo) juu ya namba ya uanachama, yenye UNIQUE (hairuhusiwi kujirudia). Kila kitu kiwe ndani ya BEGIN na COMMIT, mtandao ukikatika katikati hakuna kinachoingia nusu.

Kilichoshindikana ni rekodi zilizofutwa Kondoa: mjini bado zipo. Skripti inachuja kwa tarehe ya kuhaririwa, na mstari uliofutwa hauna tarehe ya kuchujwa. Kuanzia sasa hatufuti, tunajaza safu ya kufutwa_lini. Za nyuma tunalinganisha kwa mkono.