Mikono ya kuchomelea na bushi ngumu nyuma ya magari ya kasi: Lubumbashi iziruhusu barabarani?

Mwanzisha mada, Kamalondo

Naileta hoja hii wazi, anayepinga apinge. Vijana wengi wa mji huu wanaendesha Mark II, Altezza na Impreza zilizotoka Japani, na wachache wana BMW E46. Mkia wa gari ukianza kuyumba, wanakimbilia kung'oa bushi, yaani mito ya mpira kwenye maungio ya mikono ya nyuma (vyuma vinavyoshikilia gurudumu), na kutia za poliyurethani, plastiki iliyo ngumu kuliko mpira. Wengine wanakata mkono wenyewe na kuuchomelea upya ili wabadilishe urefu wake. Mimi nasema mkono uliochomelewa ukataliwe kabisa kwenye ukaguzi wa magari, na gari la kila siku libaki na mpira.

Watu wanadhani mpira umewekwa kwa ajili ya starehe ya abiria tu. Tazameni Porsche 928, iliyotoka mwaka 1977 na ekseli yake ya nyuma iitwayo Weissach. Mikono na bushi zake zilipangwa hivi: dereva akiondoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona, gurudumu la nyuma linageuka kidogo kutazama ndani, na mkia haumponyoki. Ulaini wa bushi ile ulipigiwa hesabu. Ukitia kitu kigumu mahali pake, hesabu imefutika.

Fundi, Katuba

Mdogo wangu, umesema vizuri, lakini huo mpira unaoutetea tunaununua wapi? Boksi lina jina la kiwanda, ndani mna kitu kingine. Baada ya miezi michache umepasuka, na mteja ananirudia mimi, si mwenye duka. Poliyurethani angalau inastahimili oili inayovuja. Tena kiwanda si Mungu: Mazda RX-7 ya 1985 nayo ilikuwa na bushi nyuma za kugeuza gurudumu kwenye kona, na wanaoipeleka kwenye mashindano wanaziondoa na kutia ngumu ili gari lisiwashtue.

Mwanzisha mada

Papa fundi, RX-7 hizo zinakimbia kwenye lami laini ya uwanjani, na baada ya mbio zinafunguliwa na kukaguliwa. Hilo la mpira bandia ni kweli, na linauma. Lakini mpira mwingi hapa mjini unauawa siku ya kufungwa. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje. Mkono ukipanda na kushuka, mpira unajisokota bila kuzunguka. Bolti ikikazwa gari liko juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, likishushwa chini mpira tayari umesokotwa, na utabaki hivyo hata gari limelala. Lazima uchanike mapema. Bolti ikazwe mwisho, gari likiwa limebeba uzito wake lenyewe, juu ya shimo la ukaguzi. Ni gereji ngapi zinafanya hivyo?

Poliyurethani haigandi. Inazunguka juu ya bomba lake, kwa hiyo uhai wake ni grisi. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia humo, kisha mvua za Novemba, na gari linaanza kulia kila tuta. Nani anaifungua kuipaka tena?

Dereva wa E46, Kampemba

Yaya, mimi nimeitia mbele ya ule mkono mrefu wa nyuma. Njia ya Likasi gari limetulia kabisa. Gari ni langu, pesa ni yangu, kwa nini nikatazwe?

Mwanzisha mada

Dada, kwenye E46 hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuweka kitu kigumu. Mkono ule haupandi na kushuka tu. Unapinda pia, kwa sababu mikono miwili ya pembeni inaliongoza gurudumu kwa njia yake. Bushi ya mbele inatakiwa iachie pande zote hizo. Ikikataa, mkono unakabwa, na nguvu inaishia kwenye bodi. Sasa E46 inajulikana kwa kupasuka sakafu pale fremu ndogo ya nyuma (chuma kinachobeba difu na mikono ya pembeni) inaposhikwa. Mimi nisingeongeza mzigo huko. Funga mpira mpya pamoja na vile vizuizi vya plastiki vya pembeni: vinapunguza kuyumba kwa upande na kuuacha mkono uzunguke. Kisha upime magurudumu, maana mwelekeo wa gurudumu la nyuma (linatazama ndani au nje) kwenye gari hilo unarekebishwa papo hapo, kwenye kishikio cha bushi hiyo.

Pesa ni yako, sawa. Barabara je? Mkono uliochomelewa ukikatika kwenye njia ya Kasumbalesa, gurudumu linageuka upande kabla hujashika breki, na malori ya shaba yamejaa mbele na nyuma. Mama anayekuja upande wa pili na watoto hakuchagua mkono wako.

Mikono ya kurekebishwa iliyotengenezwa kiwandani siipingi. Gari likishushwa, magurudumu yanalala kwa juu kuelekea ndani, na mkono huo unayasimamisha. Ila usikadirie kwa macho. Tairi linaloliwa upande wa ndani, mara nyingi kosa ni mwelekeo wa gurudumu kuliko mlalo wake.

Fundi, Katuba

Ya kuchomelea nakubali, nami siifanyi. Lakini mkaguzi ataijuaje? Na poliyurethani kwenye mkono unaopanda na kushuka tu, sitaiacha.

Mwanzisha mada

Papa, weldi inaonekana kwa tochi na brashi ya waya, hata ikipakwa rangi. Bushi iliyokufa inajulikana kwa mtaimbo: ingiza kati ya mkono na fremu, sukuma, tazama kama mkono unahama. Hakuna mashine ya kununua hapo. Kwa mkono unaopanda na kushuka tu sitabishana nawe, mradi mteja wako aondoke na tarehe ya kurudi kupakwa grisi, imeandikwa kwenye risiti.