Tupeane uzoefu: Siku ya kuzaliwa ya mtoto mdogo, nyumbani, kwa gharama nafuu na yenye kumfunza kitu

Mama wa Kireka (mwenye mada)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Nimeianzisha mada hii kwa sababu naona wazazi wengi hapa Kampala na vitongoji vyake wakikopa fedha ili mtoto wa miaka minne au mitano apate keki ya ghorofa, ukumbi wa kukodi, spika kubwa na lile jumba la kupulizwa upepo ambalo watoto huruka juu yake, ilhali mwenye sherehe husinzia kabla hotuba za watu wazima hazijakwisha. Simzuii mtu kufurahi na fedha yake. Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba mtoto wa umri huo anahitaji wenzake wachache, kazi ya kufanya kwa mikono yake, na mtu mzima mwenye nafasi ya kumjibu maswali; na hayo yote yanapatikana uani kwake mtu.

Naomba kila atakayechangia aeleze jambo alilolifanya mwenyewe, umri wa watoto aliokuwa nao, na kile alichoona wamekipata. Nianze mimi.

Binti yangu alipotimiza miaka mitano tulialika watoto wachache wa majirani na wa darasa lake. Tulianza saa nne asubuhi, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Aprili na mvua za msimu huo hupenda kunyesha alasiri. Kwa vile alikuwa akijifunza kuhesabu, tulitandika mkeka tukafungua soko: ndizi mbivu, machungwa, mapapai madogo, maparachichi na mananasi niliyokwisha kuyakata. Kila mtoto alipewa vizibo kumi vya chupa za soda viwe fedha yake, nasi tukaandika bei kwenye vipande vya maboksi, ndizi kizibo kimoja, kipande cha nanasi vizibo viwili. Walipokezana kuuza na kununua, wakadai chenji, wakapatana bei kwa ukali kuliko mama zao wanavyofanya kwenye soko la Nakasero. Kisha kila mmoja alikiosha alichonunua, tukavikatakata pamoja, na hilo bakuli la matunda likawa ndicho chakula cha kwanza cha sherehe. Sikuhitaji kuandaa somo upande mmoja na mlo upande mwingine.

Mwalimu wa chekechea, Mbarara

Dada wa Kireka, ahsante kwa mada hii. Nami niliingilia kwenye fedha, ila nilitumia sarafu halisi. Mwanangu alikuwa anatimiza miaka sita. Niliwapa watoto karatasi, penseli laini na sarafu zetu za Uganda, nikawaonyesha namna ya kuweka karatasi juu ya sarafu na kusugua kwa ubavu wa penseli mpaka picha ijitokeze. Kwenye sarafu ya shilingi 100 hutokea ng'ombe, kwenye ya 200 samaki, kwenye ya 500 korongo mwenye taji. Ya 50, yenye swala, siku hizi haipatikani kirahisi, lakini ukiwa nayo iweke. Kwetu huku watoto walimtambua yule ng'ombe mara moja kwa pembe zake, wakaanza kunisimulia ng'ombe wa babu zao, na mazungumzo hayo yalichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Tulipofika kwa korongo nilitoa bendera ndogo. Bendera yetu ilipandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, na korongo aliye katikati yake amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuinua, kuonyesha kwamba nchi inasonga mbele. Niliwaomba watoto wasimame kama yeye, mikono wameitandaza, tuone nani atakawia zaidi bila kuyumba. Mchezo huo haugharimu shilingi hata moja, na kwa mtoto wa chekechea kusimama kwa mguu mmoja ni mazoezi ya maana ya mwili, kwa sababu anayejifunza kuutuliza mwili wake huja kukaa vizuri hata anaposhika penseli.

Jambo moja nawasihi wazazi wenzangu: siku hiyo msimpime mtoto. Ukimuuliza "Hii ni nini?" mbele ya wageni umemweka kwenye mtihani, na asiyejua ataona aibu. Ukimuuliza "Wewe unaona nini hapo?" kila mmoja ana jibu. Vilevile msirefushe zoezi moja. Kwa watoto wa miaka mitano au sita robo saa inatosha, mbadilishe. Sarafu zihesabiwe wakati wa kugawa na wakati wa kukusanya, wala asipewe mtoto ambaye bado anatia vitu mdomoni.

Mama wa Bombo

Nimefurahi kusoma. Sisi Wanubi tunapenda sherehe, na kwangu sherehe bila keki haikamiliki, lakini keki ya dukani sijainunua tangu watoto wangu walipoanza kushika mwiko. Naipika juu ya sigiri, na watoto ndio wapishi.

Vipimo vyangu ni hivi: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha sukari kisichojaa, mayai matatu, nusu kikombe cha mafuta ya kupikia, kikombe kimoja cha maziwa, na vijiko viwili vya chai vya unga wa kuumulia keki. Kikombe kiwe kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Naweka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, naipasha moto, kisha natia humo sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, nafunika, halafu naweka makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo keki itaungua kitako na katikati ibaki mbichi. Baada ya kama dakika arobaini nachoma kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva.

Watoto hupima, humimina, hukoroga kwa zamu wakihesabu mizunguko, na kabla haijafunikwa kila mmoja hutabiri keki itapanda mpaka wapi, tunatia alama ya utabiri huo kwenye kijiti. Ikifunuliwa tunalinganisha. Hapo ndipo huuliza iliinuliwa na nini, nami huwapa jibu wanaloweza kuliona: nachanganya unga ule wa kuumulia na maji ya moto kidogo ndani ya glasi, wanautazama unavyotoa mapovu, nawaambia hewa hiyohiyo ndiyo iliyobaki ndani ya keki, na vile vitundu wanavyoviona wakikata kipande ni njia zake. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka minne, alikagua kila kipande kabla ya kula. Sigiri yenyewe haisogelewi na mtoto yeyote. Imewekwa nyuma ya nyumba na mtu mzima anakaa nayo.

Baba wa Nakivale

Wapendwa, sisi tulio katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, huku Isingiro, wengi tulitoka Kongo, na majirani zetu ni Warundi, Wanyarwanda na Wasomali. Keki kwetu si jambo la kila mwaka. Kijana wangu alipotimiza miaka saba nilitafuta kitu ambacho hakingemfanya ajione amepungukiwa, nikakipata kwenye gunia la maharagwe.

Tulikata chupa za plastiki katikati, tukatoboa matundu chini, watoto wakajaza udongo waliouchota wenyewe. Kila mmoja alipanda mbegu tatu za maharagwe, akaandika jina lake kwenye chupa. Asiyejua kuandika alichora alama yake. Chupa hiyo ndiyo zawadi aliyoondoka nayo. Maharagwe yakipata unyevu huchomoza baada ya wiki moja hivi, kwa hiyo sherehe iliendelea baada ya watu kutawanyika: watoto walikuwa wakipita kwetu kuuliza yetu yamefika wapi, wakipima mche kwa uzi na kufunga fundo. Kijana wangu aliiweka chupa moja ndani ya boksi lenye tundu ubavuni, akaona mche ukijipinda kuufuata mwanga. Sikumwambia mapema. Alikuja mbio kunieleza.

Jioni tulikaa kwenye vitendawili. Mwenye kutega akishindwa kujibiwa hudai apewe mji, na huo ndio uliokuwa utamu wake, kwa kuwa kila mtoto ilimbidi ataje mji anaoujua ili autoe. Wengine walitoa Mbarara, Gulu, Mbale. Wengine walitoa Bukavu na Bujumbura. Tuliandika majina hayo chini kwa kijiti, upande wa kaskazini na upande wa kusini, na kabla giza halijaingia ramani kubwa ilikuwa imechorwa uani. Halafu kila mtoto akawafundisha wenzake kuhesabu hadi tano kwa lugha ya nyumbani kwao. Wazazi waliokuja kuwachukua watoto walikaa nao wakahesabu.

Muuguzi, Jinja

Naongeza la usalama tu. Watoto walio chini ya miaka minne wasipewe karanga nzima, bisi wala peremende ngumu za mviringo, kwa sababu huziba njia ya hewa. Maputo yapulizwe na mtu mzima, na kipande cha puto lililopasuka kiokotwe papo hapo. Hata mtoto wa miaka saba anaweza kukabwa nacho. Maji ya kutengenezea juisi yachemshwe. Kwa kunawa mikono tundikeni kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lililotobolewa, linaloinamishwa kwa kamba ya kukanyaga, na sabuni iwe kando. Watoto wenyewe wakisaidia kukitengeneza, watanawa bila kusukumwa.

Jaja wa Busia

Wanangu, nimewasoma wote na nawapongeza, ila niruhusuni niseme. Siku ya kuzaliwa ni siku ya mtoto kucheza. Msiifanye shule ya Jumamosi. Mimi huwaachia wajukuu zangu sehemu kubwa ya siku wacheze kwepena na mpira wa majani makavu ya mgomba, mpira ambao nawafundisha kuufunga wenyewe kwa kukaza tabaka juu ya tabaka, na katika kukwepa huko wanajifunza mengi kuliko mnavyodhani: kanuni, zamu, kukubali kwamba umeguswa na mpira hata kama hakuna aliyekuona.

Wakichoka tunakaa kwenye omweso, yaani bao la kwetu Uganda. Ubao wa watu wazima una mashimo 32 na mbegu 64, nao ni mzito kwa watoto. Kwa hiyo nachimba ardhini mistari miwili ya mashimo manne manne, kila shimo mbegu mbili, nawaonyesha kusambaza mbegu mojamoja. Mtoto wa miaka mitano anaanza kwa kuhesabu kwa kidole. Baada ya michezo michache anatazama tu na kujua mbegu zake zitaishia wapi. Sijawahi kumwambia mjukuu kwamba hiyo ni hesabu.

Mwalimu wa chekechea, Mbarara

Jaja, nimepokea, na nakubaliana nawe kabisa. Hata mimi, nilipotaja robo saa, nilikusudia kwamba muda uliobaki ni wa kucheza.

Mama wa Mpigi

Kwa wanaoishi karibu na mafundi wa vitambaa vya magome: ombeni vipande vya mabaki. Sisi tulitengeneza navyo taji za watoto kwa sindano kubwa ya plastiki na uzi wa rafia. Kabla ya kushona, mzee jirani aliwaonyesha mti wa mutuba, mahali gome lilipobanduliwa na namna shina linavyofungwa kwa majani ya mgomba ili gome lingine liote. Alileta na nyundo zake za mbao zenye mifereji, watoto wakagonga kidogo. Utengenezaji huu wa vitambaa vya magome wa Buganda ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi bora wa utamaduni wa binadamu, na wajukuu wa mzee huyo walikuwa hawajawahi kumwona akiufanya.

Mama wa Kireka (mwenye mada)

Nimeguswa sana na michango yenu. Nimebaki na maswali mawili yanayonisumbua. La kwanza ni zawadi: mzazi asiye na uwezo huona aibu kumleta mtoto mikono mitupu, kwa hiyo humzuia nyumbani. La pili ni wale watoto wa mtaani ambao hawakualikwa lakini wamesimama getini wakichungulia. Mnafanyaje?

Baba wa Arua

Kuhusu zawadi, dada, sisi tunatamka mapema, tena kwa mdomo, tukipita nyumba kwa nyumba: usilete kitu cha kununua, lete kitabu cha hadithi ambacho mtoto wako amekwisha kukisoma, na asiye na kitabu alete hadithi ya kwao kichwani. Vitabu vinawekwa mkekani, kila mtoto anaondoka na kimoja ambacho si chake. Aliyeleta hadithi huisimulia wote wakiwa wamekaa, naye huchagua kitabu wa kwanza. Tulipanga hivyo makusudi, ili yule ambaye hana kitabu nyumbani asiwe wa mwisho kuchagua.

Kuhusu wa getini, mimi huwafungulia. Ndiyo maana sipangi chakula cha kugawa kwa idadi, kipande kimoja kwa kila mtoto, bali napika kinachoongezeka: sufuria ya maharagwe, mihogo, chapati ninazozikata robo, kabalagala nyingi, kwa kuwa hiyo ni ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa muhogo tu na watoto wenyewe huikanda. Ninachowaomba wanaoingia ni kunawa mikono na kumwambia mwenye siku yake majina yao. Michezo mliyoitaja hapa, ya korongo, vitendawili na kwepena, haina kiti wala tiketi, hivyo watoto watano wakiongezeka hakuna kinachoharibika. Maharagwe ya kupanda nayo huwa ninaloweka ya ziada usiku wa kuamkia siku hiyo.