Baridi humchelewesha paramesiamu kwa njia gani?

Mwalimu, Malindi
Assalaam alaikum, waungwana. Nafundisha biolojia katika shule ya upili. Wanafunzi wangu walichota maji ya kidimbwi, wakayatia majani makavu, na baada ya siku kadhaa yakajaa paramesiamu, viumbe wadogo mno wa seli moja. Tone lililopoozwa hadi nyuzi 10 za Selsiasi tulipolitazama kwa hadubini, viumbe hao walikwenda polepole mno. Lilipofikia joto la chumba, ambalo huku kwetu hukaribia nyuzi 30, walipita kwa kasi hata ikawa taabu kuwafuata kwa jicho. Mwanafunzi mmoja anashikilia kwamba baridi huyafanya maji kuwa mazito, na kwamba kizuizi ni maji wala si kiumbe. Je, hoja yake ni sahihi?

Fundi wa maabara, Lamu
Wa alaikumu salaam, Mwalimu. Hoja yake ni nzuri, ila ni nusu ya jibu. Mnato wa maji, yaani ugumu wake wa kutiririka, ni takriban milipaskali-sekunde 0.80 katika nyuzi 30, na 1.31 katika nyuzi 10. Kwa kiumbe asiyefika nusu milimita tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa yeye hasereleki kama ngalawa iliyoshushwa tanga: silia zake, yaani vinyweleo anavyoogelea navyo, zikisimama, naye husimama papo hapo. Lau nguvu yake isingebadilika, mnato peke yake ungeishusha kasi hadi karibu asilimia 60. Lakini nguvu nayo hupungua. Silia huendeshwa na dainini, protini inayovunja ATP (kemikali ibebayo nishati ya seli) ili kupata nishati, na kazi ya vimeng'enya vingi, yaani protini za namna hiyo zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, hushuka kwa takriban nusu kila halijoto inapopungua kwa nyuzi 10. Mkitaka kuzitenga sababu hizi mbili, ongezeni mnato kwa methiliselulosi kidogo, unga unaoyafanya maji kuwa mazito, huku joto likibaki lile lile, kisha mlinganishe kasi na ile ya maji baridi.

Mwanafunzi wa chuo, Malindi
Naomba kuongeza kwamba joto huongoza pia mwelekeo. Mwishoni mwa karne ya 19 mtafiti Mendelssohn alionyesha kwamba paramesiamu, wakiwekwa katika maji yenye joto upande mmoja na baridi upande wa pili, hukusanyika penye nyuzi 24 hadi 28 hivi. Kiumbe akielekea pasipomfaa, ioni (chembe zenye chaji) za kalsiamu huingia ndani ya seli, silia hupiga kinyume, naye hurudi nyuma, hugeuka na kujaribu njia nyingine. Joto alilozoea hubadilisha chaguo lake, kwa hiyo ningependa sana muwalinganishe wa kidimbwi cha juani na wa kisima chenye kivuli.

Fundi wa maabara, Lamu
Jambo hilo linafaa kujaribiwa. Angalieni tu taa ya hadubini, kwani hulipasha tone joto mkiwa bado mnapima; izimeni kila mnapomaliza kutazama. Msikaribie nyuzi 40, kwa sababu huko protini huanza kuharibika, na kiumbe aliyesimama kwa joto la namna hiyo huenda asiogelee tena hata mkimpoza.