Mnaofundisha historia, fasihi na falsafa vyuoni: muda wa utafiti mnaupata wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, kuna mdogo wangu kamaliza digrii ya historia, GPA inambeba, anataka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi. Kaniuliza kazi ikoje, nikamjibu nusunusu. Mliomo humo, semeni ya kweli, si yale ya siku ya mahafali.

Kalamu Nyekundu: Nafundisha fasihi. Darasa la mwaka wa kwanza ni mamia, maana wanaosomea ualimu nao wanapita kwetu. Mwenzangu wa hesabu anasahihisha jibu, mimi nasahihisha hoja: insha ya kurasa sita, mwandiko wa mtu anayekimbizana na saa, na aya nzuri imejificha ukurasa wa tano. Ukipitia harakaharaka unamdhulumu mtoto wa watu. Kwa hiyo muhula ukianza utafiti nauweka kabatini hadi likizo ndefu.

Mzee wa Mafaili: Kwetu historia adui ni nauli na muda. Nyaraka za Taifa pale Upanga kuna mafaili ya Wajerumani, mengi kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo anakwama asipofundishwa. Herufi e inafanana na n. Unakomaa asubuhi nzima na ripoti ya bwana shauri, yaani ofisa wa utawala wa Mjerumani, unatoka na aya mbili. Halafu mkuu wa idara anauliza mwaka huu umechapisha nini!
Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walipelekwa vijijini kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905–1907. Waliokumbuka vita walikuwa bado hai. Sasa hivi walio katika hali hiyo ni waliohamishwa kwenye Operesheni Vijiji miaka ya 1970, na kila nikienda uwandani naambiwa fulani tumeshamzika. Mafaili yatanisubiri, hao hawasubiri. Ndiyo maana naenda hata kwa mshahara wangu.

Wa Jioni: Niko Kenya, kwa mkataba wa muda. Nalipwa kwa kozi, tena kwa kuchelewa: wanafunzi wamehitimu, mimi bado nafuatilia hela. Falsafa nafundisha vyuo viwili, utafiti nafanya ndani ya matatu. Dogo asikubali mkataba wa hivyo kama ana njia nyingine.

Bi Mkubwa wa Idara: Mimi mhadhiri mwandamizi, Kiswahili. Kupanda daraja ni machapisho, kufundisha vizuri unaambiwa ahsante. Sisi tuna bahati ya majarida ya nyumbani kama *Kiswahili* na *Mulika*, ingawa mhakiki anaweza kukaa na makala yako mpaka uisahau. Hapo ndipo wanapoingia wale wa barua pepe, wenye majarida feki ya kulipia: wanakuita profesa mashuhuri wakati uzamivu hujamaliza, wanataka dola, na makala inatoka wiki ijayo. Nimekaa kwenye kamati, nimeona faili zima la namna hiyo likirudishwa. Inauma kutazama.

Mleta mada: Nawashukuru. Mzee wa Mafaili, dogo kasoma majibu yote, kakodolea la kwako tu. Ule mwandiko aanzie wapi?

Mzee wa Mafaili: Kijerumani cha kawaida kwanza. Kisha aziandike zile herufi kwa mkono wake kila siku, jicho litafuata. Akija Upanga abebe penseli, na awahi kabla joto halijapanda.