Masi 135 inavuja oili chini ya klachi, nianzie wapi?

Mjukuu_wa_Kakuyuni
Assalaam aleikum wakubwa. Nina trekta, Massey Ferguson 135 ya marehemu babu, ile ya injini ya Perkins ya dizeli, silinda tatu. Kulima inalima, haina deni. Tatizo ni oili. Inadondoka kwenye kitundu cha chini ya nyumba ya klachi, na juu pia ubavu wa injini umelowa kuanzia kwenye kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, hadi kwenye sampo, bakuli la oili la chini. Vumbi limegandia hapo hata namba ya injini haisomeki.

Fundi mmoja wa Malindi mjini anataka injini ishushwe ifanyiwe ovahoo, yaani ifunguliwe yote itengenezwe upya. Mwingine anasema apake silikoni kila panapovuja, tumalize leo leo. Masika yanabisha hodi na watu wa Ganda na Jilore wameanza kunipigia simu niwalimie. Nimsikilize nani?

Dereva_Gongoni
Tia oili nzito, ile ya gia. Haitoki haraka. Mimi naongeza kila asubuhi na maisha yanaendelea.

Fundi_Mokowe
Wa Gongoni, oili ya gia kaa nayo kwenye gia. Ukiwasha injini asubuhi, oili nzito hivyo inachelewa kufika kwenye beringi za krenki, ile shafti kuu ya injini, na kule juu kwenye roka zinazofungua vali, na dakika hizo ndizo zinazokula chuma.

Mjukuu, waalaykum salaam. Usimsikilize yeyote kati ya hao wawili kwanza. Trekta hizi zilianza kutoka 1964, kwa hiyo kuvuja si ajabu. Ajabu ni watu kuzifungua kabla ya kujua zinavujia wapi.

Ioshe. Brashi, dizeli, kisha sabuni na maji, ila dainamo uifunike na pampu ya dizeli usiimwagie maji baridi ikiwa moto. Ikikauka, nyunyiza poda ya mtoto ubavuni mote, iwashe, shika tochi utazame. Oili hushuka, tena feni huipeperusha nyuma, kwa hiyo tafuta palipolowa juu zaidi na mbele zaidi. Huko chini panapokutisha huenda pasiwe na kosa lolote.

Pili, bomba la kupumulia la injini. Wengi hata hawajui lipo. Moshi unaopenya kwenye ringi za pistoni hutokea hapo. Likiziba, ile pumzi inajaa ndani na kusukuma oili kwenye kila gasketi na kila sili, vile vizuizi vya oili kwenye shafti. Hapo hata ubadilishe sili ya dhahabu, itavuja. Huku kwetu nyigu wa udongo hawaachi tundu lililosimama msimu mzima.

Tatu, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka dizeli, au oili inapanda badala ya kushuka, basi kiwambo cha pampu ndogo ya dizeli kimetoboka, au sili ya pampu kubwa imekwisha. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, inatoka hata pale palipokuwa pazima. Usilime nayo hivyo.

Kitundu cha klachi tutakizungumza ukirudi. Kile kipini cha waya kinachoning'inia pale usikitoe, kazi yake ni kuzuia tope lisizibe. Tundu likiziba, oili inabaki ndani na kulowesha klachi.

Mjukuu_wa_Kakuyuni
Fundi, Mungu akuweke. Bomba lilikuwa limejaa udongo wa nyigu, mgumu kama saruji, nimeutoa kwa waya vipande vipande. Nimebadilisha na gasketi ya kava ya tapeti. Ubavu sasa mkavu, poda nyeupe pepe hata baada ya kulima shamba la jirani. Kijiti hakinuki dizeli. Lakini kitundu cha chini bado kinadondosha, pole pole.

Fundi_Mokowe
Weka karatasi nyeupe chini ya tundu. Nyeusi ni ya injini, sili ya nyuma ya krenki. Ikiwa ya rangi ya asali, hiyo ni ya gia boksi, imepita kwenye sili ya shafti inayoingia klachi. Kwenye 135 oili ya gia ndiyo hiyo hiyo ya haidroliki, kwa hiyo pima na kijiti cha nyuma.

Mjukuu_wa_Kakuyuni
Nyeusi tii.

Fundi_Mokowe
Basi ni krenki, na hapo hakuna njia ya mkato: trekta inatenganishwa katikati, klachi inatoka, flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya krenki, inatoka. Lakini ovahoo ya nini, kama inawaka vizuri na haitoi moshi? Kwa matone ya pole pole, lima masika yako, pima oili kila siku, ufungue mvua zikiisha. Klachi ikianza kuteleza, usingoje.

Sili ya injini nyingi za namna hiyo ni ya kamba, nusu mbili zinazokumbatia krenki. Kuifunga ni kazi ya mikono ya kalafati: kamba unaishindilia kwenye mfereji kama pamba kwenye mbao za jahazi. Anza na ncha zote mbili, ndipo uingize ya katikati kwa kuviringisha chuma cha mviringo. Kila ncha iache ichomoze milimita 0.25 hadi 0.5. Usiikate iwe sawa na chuma, maana kile kidogo ndicho kinachobanana na nusu ya pili. Mafundi wa haraka huharibu hapo. Paka grisi ya grafiti upande unaogusa krenki, kisha funga.

Mama_Langobaya
Niongeze moja, mimi ndiye ninayelipa mafundi kwetu. Usinunue sili kabla ya kufungua. Nyingine zimebadilishwa zikawekwa za mdomo wa mpira, na dukani atakupa aliyo nayo. Nenda na ile ya zamani mkononi. Na klachi pleti ikiwa imelowa oili, nunua mpya papo hapo. Kuioshea petroli ni kutenganisha trekta mara mbili.

Mjukuu_wa_Kakuyuni
Nimekuelewa, mama. Fundi, swali la mwisho: winchi hatuna. Kutenganisha tutatumia nini?

Fundi_Mokowe
Jeki mbili na magogo ya mwembe yanatosha, juu ya sakafu ngumu, si mchangani. Kabla ya kulegeza bolti hata moja, gongomea kabari za mbao pande zote mbili za ekseli ya mbele, pale inapochezea. Usipofanya hivyo, nusu ya mbele italala ubavu ikishaachana na ya nyuma, na hakuna mtu wa kuizuia kwa mikono. Nusu ya nyuma ibaki imetulia juu ya magogo, ya mbele ndiyo isukumwe kwa magurudumu yake.