Meneja anataka niandike barua ya kuacha kazi mwenyewe, la sivyo ananifukuza

Kreti Tupu

Wakuu, salaam. Naomba msome mpaka mwisho kabla hamjanirukia, maana humu kuna watu wana vidole vyepesi.

Mimi ni mtunza stoo kwenye depo ya vinywaji hapa Morogoro mjini. Nipo tangu 2019. Nilianza kama kibarua wa kupakia magari, nikapanda mpaka nikakabidhiwa leja na funguo. Funguo zipo seti mbili, moja ninayo mimi, nyingine anayo meneja. Hilo mlishike.

Hesabu ya mwisho wa mwezi imeonesha upungufu wa kreti 41 za soda. Soda yenyewe si hoja kubwa, kinachouma ni chupa na kreti, kwa sababu huna tupu za kurudisha, kiwandani hawakupi mzigo kamili. Kwa hiyo tajiri kakasirika kweli, na simlaumu.

Ijumaa jioni, geti limeshafungwa, meneja kaniita ofisini. Mezani kuna barua imeshachapwa. Jina langu lipo, tarehe ipo, na sababu wamenitafutia: nimeamua kwa hiari yangu kuacha kazi kuanzia leo ili kushughulikia mambo ya kifamilia. Familia yangu haina jambo lolote, wanangu wapo shule, mke anauza vitenge. Akasema nisaini tu, atanilipa mshahara wa mwezi huu akishakata hela ya kreti zote, na atanipa barua nzuri ya kuombea kazi kwingine. Nikikataa ananifukuza kwa wizi na polisi ananipeleka, "na Moro hii ndogo, tuone depo gani itakuchukua."

Nikaomba nikafikirie. Kanipa mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi. Jana Jumamosi kanitumia ujumbe WhatsApp: "Ile karatasi vipi, usiniangushe."

Mke wangu anataka nisaini shari iishe, twende Kilosa tukalime. Mama mkwe, ambaye kwa kawaida hatuelewani hata kwenye chumvi ya mboga, safari hii yupo upande wangu, anasema nisiguse kalamu. Nauliza wenye uelewa: nikisaini napoteza nini? Na nisiposaini, anaweza kweli kunifukuza hiyo hiyo Jumatatu?

Msamvu Stendi

Usisaini. Na jiulize, tangu lini mwizi akikamatwa anabembelezwa aage kwa heshima?

Katibu wa Tawi

Kaka Kreti Tupu, pole. Nimekuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani kwa miaka mingi, barua za namna hiyo nimeziona za kila rangi. Za "mambo ya kifamilia" ndizo nyingi zaidi, sijui wanafundishana wapi.

Nianze na kwa nini anaitaka. Kumwachisha mtu kazi kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kunadai vitu viwili kwa pamoja, sababu ya kweli na utaratibu wa haki, na mwenye kazi ya kuthibitisha ni mwajiri. Ukikataa kusaini, meneja wako inabidi athibitishe kwamba kreti umechukua wewe, si mwingine mwenye funguo. Inabidi afanye uchunguzi. Akuandikie tuhuma kwa lugha unayoielewa. Akupe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Aitishe kikao ambacho mwenyekiti wake ni mtu wa ngazi ya kutosha asiyehusika na jambo lenyewe, wewe uingie na mfanyakazi mwenzako au kiongozi wa chama, uulize maswali, ulete mashahidi. Hayo yamo kwenye Kanuni za Utendaji Bora za 2007, tangazo la serikali namba 42. Kwa hiyo swali lako la pili jibu lake ni hili: kukutoa getini Jumatatu anaweza, mlango ni wake. Kukutoa kihalali siku hiyo hiyo hawezi.

Ukisaini, kazi yote hiyo inakuhamia wewe. Sheria inatambua pia kwamba mtu anaweza "kuacha" kazi kwa sababu mwajiri kamfanya ashindwe kuendelea, na hiyo inahesabika kuwa ni kuachishwa. Lakini hapo utakayethibitisha kwamba ulishinikizwa ni wewe, huku karatasi yenye sahihi yako inasema "kwa hiari yangu".

Sasa hela. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, na kinalipwa pale mwajiri anapokuachisha. Ukiacha mwenyewe hakipo. (Nisikudanganye, ukiachishwa kwa utovu wa nidhamu uliothibitishwa kwa haki nacho hakipo. Ndiyo maana kikao ni muhimu.) NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, wana fao la kukosa ajira kwa aliyechangia angalau miezi 18: theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Aliyeacha kazi kwa hiari halimhusu. Hapo ndipo watu wengi wanapolilia, wanafika dirishani na barua ya kuacha kazi mkononi wakidhani ndiyo itawasaidia.

Halafu soma tena maneno "kuanzia leo". Wewe ni wa mshahara wa mwezi, notisi yako ni siku 28. Ukiondoka bila kuitumikia, mwajiri ana haki ya kukata hela ya notisi kwenye stahili zako. Barua hiyo hiyo anayokwambia ni ya kukusaidia inampa mlango wa kukukata mara ya pili.

Na kreti: hawezi kukata kienyeji. Lazima akuandikie upungufu umetokana na nini, ni kiasi gani na amekipataje, akupe nafasi ya kupinga, na makato hayazidi robo ya mshahara. "Akishakata hela ya kreti zote" ni maneno ya ofisini Ijumaa jioni.

Polisi? Barua yako haimzuii kwenda. Anaweza kuichukua na bado akafungua jalada, tena akaionesha kama dalili kwamba ulikimbia.

Dada Mhasibu

Namheshimu Katibu lakini niseme upande ambao vyama hawausemi. Kesi inachosha. Depo ni ndogo, meneja atabaki kuwa bosi wako hata ukishinda kikao, na kila hesabu ya mwezi utakuwa unatetemeka. Mimi nimefanya kazi upande wa mishahara, nimeona watu wakiondoka kwa makubaliano na wakaishi vizuri tu.

Ila yawe makubaliano, siyo hiyo takataka. Kama moyo umeshatoka, mwambie utaondoka kwa karatasi inayosema kwamba mwajiri ndiye aliyeomba mkataba usitishwe, notisi analipa yeye, likizo ambayo hujaitumia inalipwa, kiinua mgongo kinalipwa, cheti cha utumishi unapewa siku hiyo, na kwamba hana dai lolote la kreti kwako. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Akikataa kuandika hayo ya kreti utakuwa umejua nia yake.

Kibokoni

Poleni ndugu zangu wa Bara. Huku Mombasa mimi nilipatwa na shida kama hii hotelini. Usiwe na haraka, tafuta wakili taratibu, muda upo, una miaka 3 ya kwenda kortini.

Katibu wa Tawi

Ndugu Kibokoni, kwa Kenya uko sahihi. Kwa Tanzania ushauri huo utamuua huyu bwana. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Ukichelewa inabidi uombe kuongezewa muda na ueleze sababu nzito. Unajaza Fomu Namba 1, nakala unampa mwajiri kwanza, anasaini kupokea, ndipo unaipeleka Tume. Kwanza ni usuluhishi, siku 30, na migogoro mingi inaishia hapo hapo mezani. Si lazima uwe na wakili.

Dada Mhasibu, sina ugomvi na wewe. Makubaliano yaliyoandikwa vizuri ni kitu halali. Tatizo langu ni kuyajadili wakati mwenzako kashika polisi mkono mmoja na kalamu mkono mwingine. Kwanza aseme hapana, halafu ndiyo waongee.

Kreti Tupu, nakuuliza: hizo kreti zimeenda wapi? Una fununu?

Kreti Tupu

Ninayo, nilikuwa naogopa kuandika humu.

Meneja ana tabia ya kuwapa watu wake kreti za sherehe bila kuacha hela ya kreti. Send-off, harusi, kipaimara. Anafungua mwenyewe jioni au Jumapili, mimi naambiwa Jumatatu, "ongeza kumi pale za fulani, zinarudi." Nyingine zinarudi, nyingine zinabaki huko uswahilini wanakalia wapika chapati. Kwenye leja hataki ziandikwe kwa sababu leja anaisoma tajiri.

Lakini mimi nina daftari langu, la kawaida la shule. Naandika tarehe, idadi, na "kwa idhini ya meneja". Hana sahihi yake humo hata mara moja, ndiyo shida. Dereva wa gari letu anajua, kazipeleka nyingi kwa mikono yake.

Msamvu Stendi

Kumbe! Sasa ndiyo nimeelewa haraka ya huyo bwana. Hizo kreti anazikimbiza zisifike kwa tajiri.

Katibu wa Tawi

Daftari usiliache depo. Lipige picha kurasa zote leo usiku. Ule ujumbe wa Jumamosi usiufute, na upige picha uonekane na namba yake na tarehe. Ile barua aliyochapa, ulipata nakala?

Kesho nenda kazini kwa saa yako ya kawaida, usichelewe hata dakika, maana utoro ni kosa lingine watakalokupa bure. Akikuuliza, jibu kwa upole na kwa maandishi: sikubali kuacha kazi, kama kuna tuhuma naomba nipewe kwa barua nijibu. Nakala mbili, moja asaini kupokea. Akigoma kusaini, mtumie kwa WhatsApp. Na tajiri apate nakala, yeye ndiye mwajiri wako.

Dada Mhasibu

Kwa hili la daftari nakunja mkeka wangu. Fuata ya Katibu. Ila daftari usimtajie meneja kesho, acha kwanza aandike tuhuma zake. Akishaandika kreti ngapi na tarehe gani, hawezi kuzibadilisha.

Kreti Tupu

Wakuu, mrejesho. Samahani kwa kuchelewa.

Jumatatu nilimpa barua. Aliisoma mara mbili, akaniuliza nani kakuandikia, nikamwambia mkono ni wangu. Hakusaini, nikamtumia kwa simu, tiki mbili zikageuka bluu. Tajiri nilimpelekea nakala dukani kwake, hakusema neno zaidi ya "nimeiona".

Jana nimepewa barua ya tuhuma: kushindwa kutunza mali ya mwajiri, kreti 41. Neno wizi halimo tena! Kikao ni Ijumaa saa nne, mwenyekiti ni mhasibu wa tajiri kutoka Dodoma. Nakala ya ile barua ya kwanza sikuipata, ila dereva aliiona mezani siku ile alipoleta funguo za gari. Nimemwomba awe shahidi, kaniambia ana watoto wanne.

Katibu wa Tawi

Usimlazimishe. Mwombe kitu kidogo kuliko ushahidi: hati zake za kutolea mzigo za miezi miwili hii, au hata tarehe tu alizotumwa kwenye sherehe. Na wewe kwa barua, kabla ya Ijumaa, omba kikao kiletewe kumbukumbu za mlinzi wa getini. Gari linatoka Jumapili, mlinzi anaandika.

Kreti Tupu

Mlinzi! Kitabu cha geti sikukifikiria kabisa. Ngoja nikaandike hiyo barua sasa hivi.