Mama akiomba tunyamaze: dawa, polisi au wazee?

Muuguzi, Eastlands, Nairobi:
Naleta hoja hii baada ya wiki nzima ya kubishana na wenzangu kazini. Mama amemleta mtoto aliyedhulumiwa kingono na mtu wa nyumbani, kisha anatuomba tusiwaambie polisi. Tufanyeje?

Wapo wanaosema tumsikilize, na kwa miaka mingi nilikuwa upande wao. Mama akijua kwamba kuingia hospitali ni kuingia kituo cha polisi, hatakuja. Atamkanda mtoto kwa maji ya chumvi, atamwita shangazi, na saa zitazidi kuyoyoma. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinafaa tu zikianzwa ndani ya saa 72, kisha zimezwe siku 28. Za kuzuia mimba, kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, mwisho ni saa 120. Niliwahi kumpokea msichana wa gredi ya tano siku ya nne. Wazee walikuwa wamekaa Jumamosi kutwa wakipatana fidia. Katika watu wazima wote waliokuwa pale, hakuna aliyekumbuka dawa.

Kilichonibadilisha ni kodi ya nyumba. Mama anayetuomba tunyamaze mara nyingi analipiwa kodi na huyo huyo aliyemuumiza mtoto. Ukimwambia "uamuzi ni wako", umemtwika mzigo asioweza kuubeba. Ndiyo maana Sheria ya Kenya ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 40, haikuwaachia jamaa uamuzi wa kufuta kesi. Wakipatana nyumbani, wamepatana wao, kesi haijafutwa.

Msimamo wangu: dawa kwanza, na mtu asiulizwe karatasi ya polisi kabla ya kutibiwa. Ushahidi uchukuliwe hapo hapo na fomu ya PRC, ile ya hospitali ya matibabu baada ya ubakaji, ijazwe. Taarifa itolewe kwa polisi, na mama aambiwe tangu mlangoni kwamba itatolewa. Kumficha ni kumsaliti.

Baba wa watoto watatu, Umoja:
Dada, kwenye karatasi yanasomeka vizuri. Mimi nilimsindikiza jirani yangu kwenye kesi kama hiyo. Mtoto alisimulia kwa askari, kwa daktari, kwa afisa wa watoto, kwa askari mwingine, na tena mahakamani. Daktari aliyejaza P3, ile fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, akahamishwa, kesi ikaahirishwa mara sijui ngapi. Mshtakiwa akapata dhamana, akarudi ploti ile ile, ghorofa ile ile. Wazee wa kwetu wangemfukuza siku hiyo hiyo. Mnamponya mtoto au mnamtesa mara ya pili?

Mwanafunzi wa sheria, Parklands:
Nichangie moja tu, maana imeharibu kesi nyingi. Watu husema, "Daktari alimpima, hakuona kitu," basi mtu anatangazwa hana hatia. Watoto wengi waliodhulumiwa kingono hawaonyeshi jeraha lolote wakipimwa. Sehemu hizo hupona upesi, pengine kwa siku chache. Kutoona jeraha si ushahidi kwamba hakuna kilichotendeka. Na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inamruhusu hakimu katika makosa haya kutia hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, mradi ameridhika kwamba mtoto anasema kweli na ameandika sababu zake.

Muuguzi, Eastlands:
Asante, mwanangu. Niongeze kwamba kwa watoto wadogo, ushahidi mwingi hupatikana kwenye nguo na mashuka kuliko mwilini. Akina mama huvifua kwa uchungu na aibu, nami siwalaumu. Visifuliwe. Viwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani nailoni hushika unyevu na vitaota ukungu.

Baba, uliyosema kuhusu mtoto kusimulia mara tano ni kweli, na yananiumiza. Dawa yake ni mtoto aulizwe mara moja, na mtu aliyefunzwa, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kwa mwandiko ambao daktari mwingine ataweza kuusoma mahakamani.

Lakini wazee wangemfukuza aende wapi? Kwa dada yake Githurai, mwenye watoto pia? Kipindupindu hakikomi kwa kumhamishia mgonjwa mtaa wa pili. Uchunguzi wa kitaifa wa 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni: wasichana 32 katika kila 100, na wavulana 18, walikuwa wamepitia dhuluma ya kingono. Ule wa 2019 ulikuta kama wasichana 16 na wavulana 6. Imepungua, lakini hebu hesabu hao 16 katika darasa la binti yako.

Simu ya watoto ni 116, haina malipo.

Na Baba, umetueleza habari za daktari, za dhamana, za ghorofa. Yule mtoto sasa anakaa na nani?